SOMO LA USALAMA KAZINI: BEGA LIKITEGUKA, MSIVUTE



Somo letu safari hii ni juu ya bega. Tunaomba katibu wa kila tawi alisome kwa sauti wakati wa mapumziko, na wenye kujua kusoma wawasaidie wasiojua. Mmoja akubali kuvua shati mbele ya wenzake, maana bega hujifunzwa kwa vidole kuliko kwa macho.

Mwandishi si daktari. Mimi niliacha shule darasa la saba nikaingia kwenye miwa. Mengi ya haya nimeyapata kwa maofisa tabibu waliotufundisha katika semina za chama. Mengine niliyapata kwa njia mbaya, na hiyo nitaisimulia kwanza, kwa sababu bila hiyo nisingekuwa na hamu ya kuandika.

Ilikuwa mwaka 2003, saa za jioni, katika shamba la miwa ambalo silitaji jina. Tulikuwa wapakiaji watano kwenye trela moja. Kijana mmoja aliyetoka upande wa West Nile alikuwa juu ya mzigo akipanga miwa. Dereva wa trekta akaondoa gari bila kupiga honi. Kijana akateleza, mkono wake wa kulia ukabaki umeshika chuma cha ubavuni, mwili wote ukaning'inia na kuzunguka. Alipoachia alitua kwa miguu. Lakini akakaa chini palepale, ameubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, jasho linamtoka, hataki mtu amguse.

Nyapara akaja akamtazama. "Bega limetoka tu hilo. Mvuteni lirudi, trela linangojwa kiwandani."

Hakuna aliyebisha. Mmoja alimwekea kisigino kwapani, wawili wakashika mkono wakavuta, na mimi ndiye niliyemkumbatia kifua asiponyoke. Tulivuta mara tatu. Mara ya tatu tulisikia kitu kimelia ndani, nyapara akasema, "Tayari." Tukampa maji, tukampa pole, tukamaliza kupakia.

Kesho yake hakuweza kuinua mkono. Wiki zikapita, anakanda kwa maji ya moto na chumvi. Baada ya majuma matano ndugu zake walimpeleka hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha mfupa kimevunjika karibu na kichwa cha mfupa wa mkono, nacho kimeanza kushika mahali pasipo pake. Nyama ya bega ilikuwa imenywea, na ngozi ya ubavu wa bega ilikuwa na ganzi. Daktari akatuuliza: "Kabla hamjavuta, alikuwa anasikia ukimgusa hapa?" Hatukujua. "Kuna picha iliyopigwa kabla?" Hakuna. Basi hapakuwa na mtu wa kusema kama mfupa ule na mshipa ule viliharibiwa na trela au na sisi. Kampuni ilipodaiwa ikajibu kwamba ni sisi. Kijana akarudi kwao na mkono usioinuka, wala hakulipwa kitu.

Bega limejengwaje

Shika juu ya mkono wako, pale unapoungana na mwili. Ndani yake kuna mfupa wa mkono, na kichwa chake ni cha mviringo kama mpira. Kichwa hicho hakikukaa ndani ya shimo. Kimeegemea kikombe kidogo kilicho kwenye ubavu wa ule mfupa mpana wa mgongoni, yaani bapa la bega. Kikombe hicho hakina kina. Fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Nyonga haiko hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya nyonga kama yai ndani ya kikombe, na ndiyo maana nyonga haiteguki mpaka ipatikane ajali kubwa.

Kwa kuwa bega limejengwa hivyo, tunaweza kuzungusha mkono pande zote: kutupa, kupanda, kukata, kujikuna mgongo. Gharama ya uhuru huo ni kwamba chungwa hushikiliwa kwenye kisahani kwa ukingo laini, ngozi ngumu ya kiungo, kano na misuli tu. Katika viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka mara nyingi kuliko vyote. Likiteguka, kichwa cha mfupa huchomoka kutoka kisahanini na kukwama nje, na mara nyingi huuchana ule ukingo laini kikitoka.

Mara nyingi mno, zaidi ya 9 katika 10, kichwa huchomokea mbele na kukaa chini ya mtulinga, karibu na kwapa. Hutokea mkono ukiwa umeinuliwa na kupanuliwa, kisha ukasukumwa nyuma kwa nguvu. Ndugu wapakiaji, huo ndio mkono wa mtu anayerusha mzigo juu ya lori. Ndio mkono wa aliyeshika chuma huku gari linaondoka. Ndio mkono wa mchuma chai aliyeteleza kwenye mteremko wa matope akajizuia kwa kiganja. Na kwenye mpira wa Jumapili ndio mkono wa golikipa.

Kwapani, palepale kichwa kinapokwenda kukwama, ndipo panapopita mshipa mkubwa wa damu wa mkono, pamoja na mishipa ya fahamu inayotupa nguvu ya vidole, kiwiko na bega. Kwa hiyo ukiweka kisigino kwapani na kuvuta kwa pupa, unaweza kuibana na kuichana mishipa hiyo kati ya kisigino chako na mfupa. Sisi hatukulijua hilo.

Namna ya kulitambua

Mvue shati, au lichane, mkaushe jasho, simama mbele yake ulinganishe mabega mawili. Bega zima ni la mviringo. Lililoteguka kwa mbele limekuwa la pembe, kama kona ya meza: ncha ya mfupa imetokeza juu, na chini yake pamebonyea. Mbele, chini ya mtulinga, unaweza kuona au kupapasa uvimbe usiokuwapo upande wa pili. Uvimbe huo ndio kichwa cha mfupa.

Mkono wenyewe umejitenga kidogo na ubavu, na mgonjwa ameubeba kwa mkono mzima. Mwombe kwa upole aweke kiganja cha mkono unaouma juu ya bega la pili. Hawezi. Usimlazimishe, kushindwa kwake ni jibu tosha.

Sasa yako mengine yanayofanana na hayo. Mtulinga ukivunjika, maumivu na uvimbe huwa kwenye mfupa ule mwembamba wa mbele, na ukipitisha kidole unaona ngazi. Mfupa wa mkono wenyewe ukivunjika karibu na bega, uvimbe ni mkubwa, na baada ya siku moja au mbili ngozi huwa nyeusi mpaka kiwikoni. Hilo huwapata zaidi wazee, hasa kina mama wa umri mkubwa walioanguka. Na yako mabega yaliyoteguka na kuvunjika kwa pamoja, kama la kijana wetu. Kwa macho huwezi kuyatenganisha, na hata daktari mwenye mikono mizuri hupenda kuona picha kwanza.

Majaribio yasiyochukua dakika mbili

Hapa ndipo naomba muwe makini. Majaribio haya yafanywe kabla mtu hajauhamisha mkono ule, na yafanywe na mtu yeyote, hata asiyejua kuandika jina lake.

La kwanza, gusa polepole ngozi ya ubavu wa bega, pale askari polisi anaposhona vyeo vyake. Gusa upande mzima, gusa upande unaouma, uliza: "Unasikia sawasawa?" Mshipa wa fahamu unaoumia zaidi bega likiteguka ndio unaoipa hisi sehemu hiyo ya ngozi, na ndio unaoamrisha nyama kubwa ya bega iinue mkono. Akisema pana ganzi, mshipa umekwisha umia.

La pili, mwambie akunje ngumi, afungue vidole, apanue vidole, ainue kiganja juu kwenye kifundo. Mguse vidole vyote.

La tatu, tafuta mapigo ya damu kwenye kifundo, upande wa kidole gumba. Linganisha na mkono mzima. Tazama kama vidole ni vya moto au vya baridi, na kwa wenzetu weusi tazama rangi chini ya kucha.

Mkono ukiwa wa baridi, mapigo yakiwa hayapo, au kukiwa na kidonda kinachoonyesha mfupa, hiyo si ajali ya kungoja gari la zamu. Tafuta chochote chenye magurudumu.

La kufanya palepale

Mkalishe. Watu wengi huona nafuu wakikaa kuliko wakilala. Mkono uache jinsi ulivyojiweka wenyewe, usiuteremshe ubavuni kwa nguvu. Kunja gunia safi au shati, lijaze ile nafasi kati ya mkono na ubavu, kisha funga kitambaa cha pembetatu shingoni kimbebee mkono. Kanga ya mama inafaa, na fulana iliyochanwa inafaa. Vua pete na saa mapema kabla vidole havijavimba. Barafu ikipatikana iviringishwe kitambaani.

Asile kitu. Huenda hospitali watampa dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari wakati huo. Najua sisi tuna desturi ya kumtuliza aliyeumia kwa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Ngoja arudi.

Na msivute. Mtu atawaambia kwamba mjomba wake aliwahi kuvutwa akapona, na huenda ni kweli. Lakini aliyevuta hakujua kama mfupa ulikuwa umevunjika. Alibahatika.

Hata hivyo msikae. Wako wanaosikia "msivute" wakadhani maana yake ni kulala hadi asubuhi. Kila saa inayopita misuli hukaza zaidi, na bega ambalo lingerudi kwa mkono mwororo saa moja baada ya ajali huhitaji dawa nyingi na nguvu zaidi kesho yake. Aende siku ileile.

Mnachopaswa kuona hospitalini

Nawaeleza haya msije mkajaribu wenyewe, bali mjue huduma nzuri ikoje, na muweze kuidai kwa adabu.

Kwanza mganga atarudia majaribio yale yale ya ganzi, vidole na mapigo. Asipofanya, mwambie: "Daktari, tuliona ganzi hapa." Kisha picha. Picha moja ya kutoka mbele haitoshi. Iwepo na ya pili iliyopigwa kwa upande au kupitia kwapani. Kisha dawa ya maumivu. Wengine hudunga dawa ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe, wengine hutoa dawa kwenye mshipa, na hapo lazima awepo mtu wa kuangalia pumzi ya mgonjwa.

Njia za kurudisha bega ni nyingi na nyingine ni za kale sana. Huko Misri, katika kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, limo kaburi la mchongaji aitwaye Ipuy, aliyeishi zama za Farao Ramesses wa Pili, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Katika picha za ukutani wanaonekana mafundi wakiwa kazini, na mmoja ameushika mkono wa mwenzake kwa namna ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ni kurudisha bega. Kwa hiyo ajali yetu ni ya siku nyingi. Mafundi wa kijiji hichohicho, wakati wa Ramesses wa Tatu, ndio walioweka zana chini kwa sababu posho yao ya nafaka ilichelewa, na mgomo huo ni wa kwanza ulioandikwa katika historia. Siwezi kupita jambo hilo kimya katika gazeti la chama.

Ile njia ya kisigino kwapani ni ya Hipokrati, tabibu wa Wayunani wa miaka zaidi ya 2,300 iliyopita. Siku hizi madaktari wengi wameiacha kwa sababu ya mishipa ile niliyoitaja. Mwaka 1870 Theodor Kocher wa Uswisi aliandika njia ya kuuzungusha mkono. Ikifanywa kwa nguvu inaweza kuvunja mfupa. Mwaka 1900 Lewis Stimson wa Marekani aliandika njia ninayoipenda mimi kwa kuwa haina ugomvi. Mgonjwa analala kifudifudi kitandani, mkono unaning'inia chini, kifundo kimefungwa uzito wa kilo chache, naye anaachwa hivyo robo saa au zaidi kidogo akiangaliwa. Misuli inachoka yenyewe, na mfupa unarudi.

Njia nyingine inayotumika sana: mgonjwa analala chali, kiwiko kimekunjwa na kugusa ubavu, mganga anageuza mkono wa mbele kuelekea nje polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Mgonjwa akisikia maumivu, anasimama, anangoja, anaendelea. Huchukua dakika tano au kumi. Au shuka hupitishwa kifuani na msaidizi huvuta upande mmoja, mganga upande wa pili, bila kunyakua. Njia zote nzuri zinafanana kwa hilo: hazina haraka, na mgonjwa amelegea. Ukimwona mganga anatoka jasho kwa kuvuta, dawa haijatosha.

Bega likirudi, mgonjwa mwenyewe atajua, uso wake hubadilika. Lakini kazi haijaisha. Majaribio yarudiwe, picha ipigwe tena.

Bega linalofichika

Nilisema zaidi ya 9 katika 10 huchomokea mbele. Yale machache yanayochomokea nyuma yana balaa lake. Hayo hutokana na misuli yote kukaza kwa ghafla: mtu aliyepigwa na umeme, au aliyeanguka kifafa. Wengine hupata kwa pigo la mbele ya bega.

Mwaka 2016 fundi mmoja wa kiwandani alishikwa na umeme kwenye mashine. Aliokolewa, kila mtu akashukuru Mungu, na kuhusu bega lake aliambiwa ni misuli imeshtuka. Picha ya mbele ilionekana nzuri. Akapewa vidonge. Kwa wiki saba alitembea mkono umegandama tumboni kama aliyefungwa kamba. Mwishowe daktari mwingine alimwambia ageuze kiganja kielekee juu, mkono wa mbele uende nje. Haukwenda hata kidogo. Picha ya upande ilipopigwa, kichwa cha mfupa kilionekana kimekaa nyuma ya kisahani. Ilibidi apasuliwe.

Kwa hiyo mafundi umeme na ninyi wa mashine, mkumbuke: aliyepigwa na umeme, au aliyeamka kutoka kifafa, ambaye hawezi kugeuza mkono kuelekea nje, hajapona mpaka ipigwe picha ya upande. Na mtazame mabega yote mawili, maana huweza kutoka yote kwa siku moja.

Waganga wa mifupa wa kienyeji

Siwatukani. Nimewaona wakifunga mifupa iliyovunjika kwa vijiti na ikashika vizuri. Lakini bega lililokaa nje wiki tatu na zaidi limekwisha jishikiza kwa makovu mahali pake papya, na mshipa mkubwa wa damu unaweza kuwa umenaswa ndani ya makovu hayo. Ukivuta, mshipa unachanika, na mtu anaweza kumwaga damu yote ndani ya kwapa lake. Hata madaktari bega la namna hiyo hawalivuti hivihivi, humpeleka mgonjwa kwa mpasuaji wa mifupa. Ukimkuta ndugu yako ana bega la zamani, usimpeleke kwa mkandaji. Mpeleke hospitali kubwa.

Baada ya kurudishwa

Mkono utabebwa kwa kitambaa wiki moja mpaka tatu hivi. Kukaa nao miezi miwili hakuongezi faida, na kwa wenye umri mkubwa bega huganda. Vidole, kifundo na kiwiko vichezeshwe tangu siku ya kwanza. Baadaye, kwa maelekezo ya mganga, mtu huinama na kuuacha mkono uning'inie akiuyumbisha taratibu, halafu huanza kuupandisha kidogokidogo, halafu mazoezi ya nguvu. Kwa wiki sita za mwanzo asiwahi kuweka mkono kama anayetaka kurusha jiwe. Kazi nzito ya kubeba na ya kuinua juu ya kichwa mara nyingi hungoja miezi mitatu au minne.

Miezi mitatu! Nasikia mnavyocheka. Mtu anapewa "kazi nyepesi" Jumatatu, na Alhamisi nyapara anamwonyesha magunia. Kwa hiyo msikubali karatasi yenye maneno mawili tu ya kazi nyepesi. Mwombeni mganga aandike majuma mangapi, asibebe kilo ngapi, na kwamba asiinue mkono juu ya bega. Karatasi ya namna hiyo mwakilishi wa chama anaweza kusimama nayo mbele ya meneja.

Umri nao una neno. Kijana wa chini ya miaka ishirini aliyeteguka bega mara ya kwanza, uwezekano wa kuteguka tena ni mkubwa sana, zaidi ya nusu yao. Sababu ni ule ukingo uliochanika, haukushika vizuri. Likimtoka mara ya pili na ya tatu kwa kuvaa shati tu, asiendelee kupanda matrela. Aonwe na mpasuaji wa mifupa, kwani ukingo huo unaweza kushonwa. Mwenye miaka zaidi ya arobaini, kama mimi, bega lake halirudii kuteguka sana, lakini kano zake huchanika. Baada ya wiki mbili maumivu yakiwa yamepungua na bado hawezi kuinua mkono, asidanganywe kwamba ni uvivu au uzee. Apigwe picha ya altrasaundi.

Waliokuwa na ganzi wasikate tamaa. Mshipa ule mara nyingi huamka wenyewe kwa majuma au miezi. Lakini uandikwe na ufuatiliwe, na usipoonyesha dalili ya kurudi baada ya miezi mitatu aonwe na mtaalamu.

Karatasi

Hapa Uganda, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe fidia ya jeraha lililotokana na kazi, na matibabu yake. Fidia hiyo hainyimwi kwa kisingizio kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe. Mwaka 2003 sheria hiyo ilikuwepo tayari, na katika tawi letu hakuna aliyeijua. Mwajiri apewe taarifa mara moja, msiache mwezi upite, na afisa wa kazi wa wilaya ajulishwe. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007, na wa Tanzania ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake wa fidia ulianza kazi 2015.

Kitabu cha ajali kiandikwe kabla gari halijaondoka, na kama kitabu kimefungiwa ofisini, andikeni kwenye karatasi yoyote, washuhuda wawili watie saini au dole gumba. Maneno hayahitaji kuwa mengi. Kwa mfano:

"Saa 11.40 jioni, kitalu cha miwa, trela la pili. Trekta liliondoka bila honi, mpakiaji akiwa juu. Bega la kulia limekuwa la pembe, hawezi kugusa bega la kushoto. Ubavu wa bega anasikia. Vidole vyote vinacheza. Mapigo yapo, vidole vina moto. Hakuna aliyevuta. Nyapara ameambiwa saa 11.45. Gari limefika saa 12.30."

Mistari hiyo kama ningeiandika jioni ile, na kama tusingevuta, daktari angepata jibu la swali lake.

Maswali ya kuzungumza tawini

Mmoja avue shati, kila mtu aguse pale pa vyeo vya askari na atafute mapigo kwenye kifundo. Nani ameshindwa kuyapata? Arudie.

Sanduku la msaada wa kwanza lina kitambaa cha pembetatu? Ufunguo wake uko kwa nani zamu ya usiku?

Kutoka kitalu chenu cha mbali kabisa mpaka mahali penye eksirei ni mwendo wa saa ngapi? Na gari la kampuni huwa wapi saa nane za usiku?